Mwaka Tulioifundisha Mashini Kwenda Pole

Juzi, kwenye mazishi huku Goma, niliusikia wimbo wa Mwalimu Hangi ukiimbwa na vijana ambao hawakuwa hata wamezaliwa alipoutunga. Waliuimba mbio, kwa ngoma na makofi, wakiyumba kulia na kushoto ndani ya mashati yao ya kufanana, na haki ya Mungu waliuimba vizuri. Nikamuuliza msichana aliyekaa karibu nami, "Wimbo huu ni wa nani?" Akaniangalia vile vijana wanavyotuangalia sisi wenye nywele nyeupe. "Mama, ni ya zamani tu. Haina mwenyewe." Nilikuwa na jibu, nikalimeza, maana msibani si mahali pa kubishana na marehemu mwenyewe hakuwa wa kwangu. Lakini tangu siku ile besi ya wimbo ule, ile sauti nzito ya chini, inanifuata mpaka jikoni. Nasimama na mwiko mkononi, bugali inaungua, mimi najiuliza: watoto hawa mwendo ule wameutoa wapi? Nani aliwaambia uende vile? Mimi najua siku mwendo wa wimbo ule ulipopatikana. Najua chumba, najua nani alikuwa amekaa wapi, najua hata filamu iliyokuwa ikionyeshwa.

Ya ukoo wangu nayaacha, hayaingii hapa. Itoshe kusema kwamba mwaka ule nilikuwa msichana mwenye masomo kidogo ya informatiki, mambo ya kompyuta, kichwani, bisibisi mfukoni, na ulimi usiojua kutulia. Nilikuwa katika mji mdogo wa Mweso, nikifanya kazi kwa Papa Kasereka, mfanyabiashara wa kutoka Butembo, mtu wa misa kila asubuhi na wa kelele mchana kutwa. Mbele alikuwa na duka la chumvi, sabuni na misumari. Nyuma ya duka kulikuwa na chumba cha mbao chenye mabenchi, alichokiita sekretaria. Humo tulichapa barua za watu, tukachaji simu zao, tukawawekea nyimbo, na jenereta ikishawaka baada ya saa sita tulionyesha filamu. Vita vilikuwa vimeikata barabara vipande vipande, kila kipande na mwenye bunduki wake, na mji ulikuwa umejaa watu waliokimbia kutoka kila upande. Kompyuta yetu ya zamani ilipokufa, Papa Kasereka alikataa kabisa kununua nyingine nzima. "Nzima bataikamata ku bariere ya kwanza," alisema. "Lakini vipande? Nani anaiba kipande?" Basi kompyuta ikaja kutoka Goma vipande, kila lori na kiungo chake: sanduku tupu likiwa limejazwa sabuni, karte kubwa, ile bodi inayobeba viungo vyote, ndani ya blanketi, na ule ubongo wenyewe, kitu kidogo kama biskuti, ukiwa umezikwa katikati ya gunia la maharagi. Siku nilipouchimbua ule ubongo nilicheka peke yangu mpaka Mama Kavira, mke wa Papa Kasereka, akaja kuangalia kama nimepata wazimu.

Niliiunganisha juu ya kitambaa cha meza, watu wamejaa mlangoni kama wanaangalia ng'ombe akizaa. Kwa huruma tu niliitilia pia kile kidomo cha kusomea disketi, nilichokifungua kwenye ile mashini iliyokufa, ingawa disketi zilikuwa tayari kitu cha kizamani na hakuna aliyezileta tena. Ilipowaka watu walipiga vigelegele. Jamani, ilikuwa na mbio! Ile ya kwanza ulikuwa ukibonyeza, unakwenda kunywa chai, unarudi. Hii ulikuwa hujaondoa kidole imeshamaliza. Papa Kasereka alizunguka mji mzima akisema hata Goma hawana kama ile, na mimi sikumkatalia. Mchana mabenchi yalijaa, chumba kikanuka esanse, petroli ya jenereta, na nguo zilizoloa, na chini ya kelele za filamu ya karate niliweza kusikia maongezi ya waliokimbia, maana mtu akiangalia filamu husahau kushusha sauti. "Kule Kashebere iko namna gani?" "Iko kimya." "Kimya ya amani ao kimya ya woga?" "Ah, kaka, kimya njo kimya." Halafu wote wanacheka kwa sababu kwenye filamu mtu ameanguka ndani ya pipa.

Siku moja kicheko kilikatika ghafla. Nilipogeuka nilimwona mama amesimama mlangoni, kitambaa cheusi kichwani, amekumbatia kopo la maziwa ya unga. Kwetu, mjane akiwa bado ndani ya matanga, muziki hauchezwi mbele yake, wala filamu, wala mtu hakenui meno. Hata mlevi anaijua ile sheria. Nikazima kila kitu, watu wakatoka mmoja mmoja wakisema "Pole, Mama, pole," na chumba kikabaki sisi wawili na jenereta ikinguruma nje. Jina lake Mama Feza. Alikuwa ametoka Kashebere, kule Walikale, na mume wake, Mwalimu Hangi, alikuwa amefia njiani walipokimbia. Si kwa risasi, alisema, kwa homa tu. Walimzika pembeni ya njia kwa haraka, maana nyuma yao bunduki zilikuwa zikilia. "Muntu alifundisha korale maisha yake yote," aliniambia, "na tulimuzika bila hata wimbo moja. Bila hata kukohoa, mutoto wangu."

Ndani ya kopo kulikuwa na disketi moja, imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki, na mfuko ndani ya soksi. Mwalimu Hangi alikuwa akitunga nyimbo kwenye kompyuta kuukuu aliyoachiwa na padri mmoja, kwa programu ya siku hizo, kidirisha cheusi chenye herufi nyeupe, unaandika do na re na mi, nayo inakuimbia sauti moja moja kwa mlio wa mbu. Wimbo wake wa mwisho ulikuwa wa sadaka, wa sauti nne. Alikuwa ameshawafundisha wanawake sauti zao, na tenori, kipande kwa kipande, akiwasimamisha na kuwarudisha. Besi aliiacha mwisho kwa sababu ilikuwa sauti yake mwenyewe. Kisha ndipo wakakimbia. Wengi wa korale ile, waimbaji wake wa kanisani, walikuwa hapo Mweso kwenye mahema, na ndugu za marehemu walikuwa wameshapanga Jumapili ya kuondoa matanga. Baada ya Jumapili ile kila mtu angetafuta njia ya kurudi kwenye shamba lake, na nani angewakusanya tena? Mama Feza alitaka kitu kimoja tu: mume wake aimbiwe wimbo wake mwenyewe, na besi yake ndani.

Nilimwambia, "Mama, hiyo ni kazi ya dakika." Mdomo wangu ule! Disketi ilisomeka, programu iliyokuwa humo humo ikafunguka kwenye kidirisha chake cheusi ndani ya mashini yangu mpya, nikachagua besi, nikabonyeza. Wimbo mzima ukapita kwa muda wa kupiga chafya. Priiii! Basi. Nikabonyeza tena. Priiii! Maandishi nayo yalipita mstari mmoja mmoja pamoja na sauti, mbio hivyo hivyo, hata herufi moja usiipate. Nilijaribu kuisimamisha katikati, ikawa inarudi mwanzo. Nilijaribu kuichapa kwenye karatasi, programu haikuitambua printa yetu, iliulizia tu ile ya zamani yenye makelele. Mama Feza alikuwa ameinama, sikio karibu kugusa sanduku. Aliinua kichwa akaniuliza taratibu kabisa, "Hiyo njo bwana yangu?" Nilitaka kulia na nilitaka kucheka, vyote pamoja, na sikuweza kufanya hata kimoja mbele yake.

Usiku na mchana kichwa changu kikawa kwenye kitu hicho kimoja. Kwa nini inakimbia? Nilikuja kuielewa polepole, nikiwaangalia watoto wa mahema wakicheza kujificha nyuma ya duka. Anayetafuta anaambiwa ahesabu kwanza, macho yamefumba. Mtoto mdogo anahesabu kwa taabu, wenzake wanapata muda wa kujificha. Yule mjanja anahesabu mbio, anamaliza kabla wenzake hawajageuka. Ile programu ilikuwa haijui saa. Kila noti ilikuwa inahesabu tu, inahesabu mpaka mwisho, kisha inakwenda kwenye noti inayofuata. Aliyeitengeneza aliipima kwa mashini za siku zake, zilizohesabu kwa taabu. Yangu ilikuwa yule mtoto mjanja. Nilifurahi sana kuelewa, nikamweleza Papa Kasereka, naye akaniangalia akasema, "Sawa. Na dawa?" Dawa sikuwa nayo. Nilichomoa kipande kimoja cha kumbukumbu, haikusaidia. Nilipekua kila kona ya mipangilio nikitafuta mahali pa kuipunguza mbio, hakuna. Kompyuta kuukuu tungeipata wapi? Zote za mashuleni zilikuwa zimekwenda na waporaji, na ile iliyosemekana iko Masisi-centre ilikuwa ng'ambo ya barabara isiyopitika.

Papa Kasereka alikuwa na elimu yake ya lori. "Mashini mupya iko na nguvu ya bure," alisema. "Motere ikiwaka mbio vile, unaiacha ipumuzike. Munaichosha na mafilme yenu." Ikaonekana ni akili. Basi kila Mama Feza alipokuja tuliiandalia mashini heshima mbili kwa mpigo, ya mjane na ya motere. Filamu zinazimwa, simu zinachomolewa, watu wanatoka, madirisha yanafunguliwa ipate hewa. Mpaka tukajaribu asubuhi na mapema, mashini ikiwa haijagusa kazi yoyote. Asubuhi ile ndipo ilipokimbia kuliko siku zote. Papa Mashauri, kiongozi wa korale, mwanamume mrefu mkavu mwenye sauti ya tenori, alikuwa amekuja na vijana wake watatu wajifunze. Alisikia ile priiii, akavua kofia, akaivaa tena. "Haraka haraka haina baraka," alisema. Kisha akamgeukia mjane. "Mama Feza, siku zinaisha. Mimi naweza kutunga besi ya kufaa. Hangi hatakasirika."

"Besi ya kuokota sitaki," alisema Mama Feza.

"Si ya kuokota, ni ya kutunga."

"Papa Mashauri, bwana yangu iko humu ndani. Nimemusikia na masikio yangu. Ata kama anaimba sawa panya, ni yeye."

Mama Kavira, ambaye hakuwahi kumwacha mgeni atoke na njaa, alituita nyuma, tukakaa jikoni kwenye viti vifupi. Alikuwa amepika viazi na maharagi, na juu yake akatukatia jibini ya Karuba, vipande vinene, inalainika polepole juu ya viazi vya moto. Mama Feza alikula kidogo, lakini joto la jikoni likamfungua mdomo. Alisema alikuwa na wivu na ile kompyuta ya Kashebere. "Jirani yangu, bwana yake alikuwa anakimbilia bibi wa pili. Wangu anakimbilia mashini! Namupelekea chakula ku masomo, ananiambia, Feza, tega sikio. Nategea nini? Ngiii, ngiii. Namuambia, baba, hii ni mbu." Tulicheka, naye akacheka kwa kujisahau, halafu akaweka mkono mdomoni akakumbuka kitambaa chake cheusi. Siku waporaji walipokuja walibeba kompyuta, disketi wakazitupa kwenye matope kwa kuona hazina faida. Alizipangusa zote kwa kitenge. Hii moja tu ndiyo iliyopona. Mama Kavira alimwongezea chai ya maziwa bila kumuuliza.

Jumapili ya matanga ilikuwa imeshakaribia sana mvua ya mawe ilipotupiga. Mchana, chumba kimejaa filamu, mara bati likaanza kulia utadhani tunarushiwa kokoto, na soko zima likakimbilia kwetu. Mama wenye ndizi, wenye kuku, askari mmoja aliyekuwa anaomba samahani kila alipokanyaga mtu, wote wamebanana mpaka mlangoni. Kwenye kioo karate inaendelea. Wakati huo huo nilikuwa nachoma CD ya mteja mmoja, namwingizia mwingine nyimbo kwenye simu, na jamaa mmoja ananikazania nimfungulie picha za harusi ya dada yake azionyeshe kwa watu, nami nikamfungulia. Mashini ilikuwa inahema. Na mimi, kwa udadisi tu, mkono ukanitoka nikafungua kile kidirisha cheusi, nikachagua besi, nikabonyeza. Sikusikia kitu, bati lilikuwa linapiga kelele mno. Kisha mawe yakakoma kwa ghafla vile yanavyokoma kwetu, na ndani ya ule utulivu, kutoka kwenye sanduku, ikasikika noti moja. Ikakaa. Ikashuka kwenye nyingine. Ikakaa tena.

"Simu ya nani?" mtu akauliza, na chumba kizima kikaanza kujipapasa mifuko.

"Munyamaze!" Sauti ilitoka nyuma kabisa, kati ya mama wenye ndizi. Mama Feza alikuwa amesimama, maji yanamchuruzika usoni. Alikuwa amekimbia mvua kama wengine, na mimi kwa msongamano ule sikumwona. Mjane ndani ya matanga, na mimi nimemwekea karate! Nikaruka kwenye meza, nikazima filamu, nikakata nyimbo, nikafunga picha za harusi. Na besi, papo hapo, ikaondoka mbio, priiii, ikaisha.

"Rudisha!" alipiga kelele Mama Feza. "Wee Espe, rudisha filme!"

Nilibaki nimeduwaa na mikono hewani. Kisha nikaelewa, nikapiga kelele kuliko yeye. Yule mtoto mjanja anayehesabu mbio, mpe mdogo wake wa kubeba mgongoni, mpe maji ya kuchota, mwambie aimbe na huku anaangalia mbuzi, utaona kama atahesabu mbio! Sisi wiki zote zile, kwa heshima zetu, tulikuwa tunaipakua mizigo mashini kila mjane alipoingia. Tungekuwa watu wasio na adabu tungeshapata besi siku ya kwanza. Niliirudisha filamu, nikairudisha harusi, nikairudisha CD, na wimbo ukarudi polepole, na watu wale waliobanana na kuku wao wakausikiliza wote, hata askari.

Kesho yake Papa Mashauri alikuja na uso wa Kwaresima. Alikuwa ameshasikia. "Haiwezekani," alisema. "Mujane akae mbele ya filme, watu wanapigana mateke? Ndugu za Hangi wakisikia watasema nini?" Mimi nilifungua mdomo nimweleze habari za kuhesabu, Mama Feza akanigusa mkono. "Papa Mashauri," alisema, "wakati tulimuzika hapakukuwa na kelele yetu hata moja. Kelele yote ilikuwa ya bunduki. Hii kelele ya watoto kuangalia filme itanifanyia nini mimi? Mukae." Papa Mashauri akakaa. Papa Kasereka aliyekuwa amesimama mlangoni na dumu la esanse akasema, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino, kwamba basi filamu siku hizo zitakuwa za bure, ilimradi watu waje wengi. Sijui kwa nini tulihitaji watu, mashini ilihitaji filamu tu, lakini nilimwacha aamini hivyo. Na watu walikuja.

Hivyo ndivyo besi ile ilivyofundishwa. Benchi la mbele watazamaji, benchi la pembeni vijana watatu wa Papa Mashauri, masikio yameelekea kwenye sanduku, wanafuata noti kwa midomo iliyofumba. Niligundua kwamba ningeweza kuupanga mwendo kwa kupakia na kupakua. Filamu moja, wimbo unatembea mbio. Filamu ya pili ndani ya kidirisha kingine, unapungua. CD ikichomwa, unaburuta miguu. Nilikuwa na furaha ya mtoto, nilijaribu kila mchanganyiko, harusi na karate, karate na nyimbo, nikisikiliza kila kimoja kinaupunguzaje. Lakini mwendo wenyewe ulikuwa upi? Hapo tulikwama wote. Papa Mashauri hakuujua, maana wimbo haukuwahi kuimbwa ukiwa mzima. Programu haikuujua, yenyewe haikujua saa. Aliyekuwa amemsikia Hangi akiiimba besi ile nyumbani alikuwa mtu mmoja tu, na kila nilipomwuliza alitikisa kichwa. "Bado. Iko mbio."

Nikaongeza mzigo. "Bado, ongeza." Nikaongeza. Vijana walikuwa wameshaishika besi yote, wangeweza kuiimba wamelala, ila bila mwendo hawakuweza kuungana na sauti nyingine, na Papa Mashauri alikuwa anatembeza macho kwenye mlango kila mara kama Jumapili inaweza kuingia wakati wowote. "Bado, mutoto wangu. Ongeza." Jumamosi mchana tulifika mahali ambapo picha za filamu zilikuwa zinakatika katika, mtu akirusha teke mguu unabaki hewani. Noti moja ilikuwa inalia mpaka unasahau iliyotangulia. Haukuwa wimbo tena. Watazamaji walianza kuguna, kuna aliyepiga mluzi. Papa Mashauri alisogea akachuchumaa karibu na Mama Feza.

"Mama," alisema, "hii sasa imepita. Hakuna muntu anaimba hivi. Pumuzi haitoshi."

"Najua."

"Unajua?"

"Tangu jana najua." Hakumwangalia. Alikuwa anaangalia sanduku. "Wacha tu iende hivi. Ikiisha, njo ameisha."

Chumba hakikuelewa, ila waliokuwa karibu tulisikia. Niliangalia vidole vyangu juu ya vifungo, vidole vyenye akili nyingi, vilivyokuwa vimefurahia mchezo huku mwenzangu anamshikilia mume wake kwa noti moja moja asiondoke. Papa Mashauri alibaki amechuchumaa, mtu mzima na magoti yake mabaya, na besi ikaendelea kuburuta. Mama Kavira alikuja kutoka jikoni kuona kwa nini kumekuwa kimya, akaona, akakaa sakafuni pembeni ya mwenzake, akanyoosha miguu kama wanavyokaa wanawake kilioni. Hakuna aliyemharakisha. Wimbo ulifika mwisho, nikaurudisha mwanzo bila kuambiwa, ukaanza tena.

Katikati ya safari ile Mama Feza akashusha pumzi. "Espe. Funga ile ya karate."

Nikafunga. Waliokuwa kwenye mabenchi wakapiga kelele, Mama Kavira akawatolea jicho, wakatulia. Wimbo ukainuka kidogo, ukaanza kupata miguu.

"Funga na ile ya harusi."

Nikafunga. Noti zikaanza kushikana, moja ikimpokea mwenzake. Niliona vijana watatu wakikaa sawa. Papa Mashauri alikuwa ameanza kupiga kidole kwenye goti.

"Hapo," alisema Mama Feza. "Usiguse tena. Hapo." Mguu wake ulikuwa unapiga chini taratibu. "Hivi njo alikuwa anatembea. Akitoka masomo, ananipandia kilima, naanza kumusikia mbele ya kumuona. Hivi hivi. Hakuwa na haraka, na hakuwa mvivu."

Tuliisikiliza yote kwa mwendo ule, chumba kizima, mpaka noti ya mwisho ikakatika na kikabaki kile kidirisha cheusi kikisubiri. Mama Feza alikuwa analia bila sauti. Nilidhani ndiyo desturi yetu ya siku zile, nikaweka kidole kwenye kifungo.

"Mama, niirudishe?"

Alijipangusa uso kwa mkono wote, akamwangalia Papa Mashauri, akawaangalia wale vijana watatu.

"Apana, mutoto wangu," alisema. "Imeisha. Sasa bantu baimbe."